Nembo ni ya Msimbazi, hasara ni ya Mwamkulu

Mpunga ukishakauka na mashine za kukoboa zikaanza kunguruma, Mwamkulu hubadilika rangi. Pesa ya magunia ya kwanza inalipa madeni, inayofuata inakwenda kwenye ada na bati, na mahali fulani katikati, kabla mama mwenye nyumba hajafunga hesabu zake, inapatikana jezi. Siku ya Simba na Yanga kibanda umiza kinakuwa nusu chekundu, nusu kijani na njano. Anayeingia na shati la kawaida anaangaliwa kama mgeni wa msiba.

Kata hii ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, inaishi kwa mpunga. Kutoka huku hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini jezi haijui umbali. Klabu inazindua uzi mpya Dar es Salaam kwa mbwembwe na muziki, picha zinaingia kwenye simu usiku huohuo, na siku si nyingi "uzi huohuo" unatandikwa kwenye turubai siku ya gulio, pembeni ya dagaa na ndala.

Mnunuzi anauliza swali moja tu: "Dogo, hii ya kwenyewe au ya Kariakoo?"

Jibu la swali hilo ni mabilioni ya shilingi, na siku mambo yakienda vibaya ni mtaji wa mtu.

Mfikirie kijana wa hapa aliyeuza magunia matano ya mpunga, akapanda basi, akarudi na robota la jezi nyekundu na kijani. Hakuiba. Alinunua dukani, mchana kweupe, akapewa na mfuko. Vijana wa namna hiyo wako Mwamkulu, wako Kakese, wako Inyonga, wako kila mahali ambako mpira unatazamwa na duka la klabu halipo. Swali la makala haya ni kijana huyo amenunua nini hasa: nguo, au shitaka?

JINA LINA MWENYEWE

Mkulima wa mpunga halihitaji somo refu hapa. Anajua mchele unavyotoka shambani kwake bila jina, ukafika mjini, ukamiminwa kwenye mfuko mzuri ulioandikwa "Kyela", bei ikapanda. Mchele ni uleule, kilichobadilika ni jina. Aliyepoteza ni mkulima wa Kyela ambaye jina lake limetumika, na mnunuzi aliyelipia kitu ambacho hakukipata.

Jezi ni hivyohivyo. Kitambaa chekundu hakina mwenyewe. Simba wanavaa nyekundu na nyeupe, Coastal Union ya Tanga wanavaa nyekundu na nyeupe, na Arsenal vilevile. Kijani na njano ni za Yanga uwanjani, lakini ukizipeleka kwenye mkutano wa CCM hakuna atakayekuuliza matokeo. Rangi peke yake ni ya wote. Kinachogeuza kitambaa cha bei ya chini kuwa jezi ya makumi ya maelfu ni nembo ya kifuani, na hiyo ndiyo sheria inayoilinda.

Tanzania Bara, kazi hiyo inafanywa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Mwenye nembo anakwenda Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, siku hizi kwa mtandao, anaomba. Msajili anaangalia kama nembo inatofautiana na za wengine, kisha inatangazwa kwenye jarida la wakala. Kuanzia hapo mtu mwingine ana siku 60 za kuweka pingamizi. Zikipita kimya, mwombaji anapewa cheti. Cheti kinaishi miaka 7, halafu kinahuishwa kila baada ya miaka 10. Asiyehuisha anaweza kuamka siku moja jina lake likiwa mikononi mwa mwingine.

Kuna jambo ambalo viongozi wengi wa mpira hulipita juu juu: hausajili nembo kwa kila kitu duniani. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45 yanayotumika karibu dunia nzima. Nguo ziko daraja la 25. Vifaa vya michezo, mipira ikiwemo, daraja la 28. Burudani na shughuli za michezo zenyewe, daraja la 41. Ndiyo maana mfuko wa Simba Cement wa kiwanda cha Tanga unaweza kusimama kwenye eneo la ujenzi Mpanda bila kugombana na Mnyama wa Msimbazi. Simba mmoja anajenga ukuta, mwingine anafunga mabao, na hakuna mwenye akili timamu atakayedhani saruji hiyo imetengenezwa na klabu. Lakini mtu akiandika "Simba" na kichwa cha mnyama juu ya fulana nyekundu, hapo amepiga hodi mlango wa daraja la 25.

Na mipaka ipo. Cheti cha BRELA kinaishia Bara. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao ya usajili, kwa hiyo klabu inayouza jezi Kariakoo na Darajani inatakiwa iwe na karatasi mbili.

MABILIONI YANAPOPITA

Zamani jezi ilikuwa gharama kwa klabu. Kiongozi anatafuta tajiri, tajiri anatoa seti mbili, maisha yanasonga. Shabiki alishona ya kwake kwa fundi wa mtaani.

Mambo yamegeuka ndani ya miaka michache. Mwaka 2021 Simba ilisaini na Vunja Bei mkataba wa miaka miwili wa Sh2 bilioni wa kutengeneza na kuuza vifaa vya klabu. Mwaka 2023 kazi ikaenda kwa Sandaland, miaka miwili tena, safari hii Sh4 bilioni. Mwaka 2025 ikaja Jayrutty na mkataba wa miaka mitano uliotangazwa kuwa wa Sh38 bilioni. Upande wa Jangwani, GSM wameibeba biashara ya jezi za Wananchi kwa misimu kadhaa.

Hakuna anayelipa Sh38 bilioni kwa ajili ya kitambaa. Kinacholipiwa ni ruhusa ya kuwa mtu pekee anayeweza kuweka nembo ile juu ya nguo akaiuza. Ruhusa hiyo ikivuja, hesabu zote zinavuja nayo. Kila jezi bandia inayouzwa gulioni ni jezi ambayo mwenye mkataba hakuiuza, na mwenye mkataba asiyeuza ataingia mazungumzo yajayo na kalamu nzito. Ndiyo maana klabu zimekuwa zikilalamika kila msimu kuhusu jezi feki na kuwasihi mashabiki wanunue kwa mawakala wao.

Lakini malalamiko hayo yana upande wa pili, na haufai kufichwa. Jezi halisi inauzwa kwa bei ya Dar es Salaam kwa mtu mwenye kipato cha msimu mmoja wa mpunga. Mara nyingi mawakala wanapatikana mijini. Mtu wa Mwamkulu anayetaka kuwa mwaminifu anatakiwa apande bodaboda hadi Mpanda, akakute saizi yake imeisha. Kisha anaambiwa hana mapenzi na timu. Klabu inayotaka nembo yake iheshimiwe Katavi inabidi kwanza iifikishe Katavi.

TUME IKIFIKA GULIONI

Anayesimamia vita dhidi ya bidhaa bandia ni Tume ya Ushindani, FCC, kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ni tume ileile ambayo mashabiki wa Simba waliizoea kuisikia wakati wa mchakato wa mabadiliko ya klabu yao na uwekezaji wa Mohamed Dewji. Kwenye jezi, kazi yake ni nyingine: wakaguzi wana mamlaka ya kuingia dukani au ghalani, kukagua, kukamata mzigo, na mwisho wa mchakato bidhaa bandia zinateketezwa. Hazigawiwi yatima wala hazifutwi nembo zikauzwa. Zinachomwa.

Hapo ndipo kijana wa turubai anapokutana na ukweli mchungu. Mtu aliyechapa nembo, labda nje ya nchi, hayupo. Aliyeshusha kontena hajulikani. Mwenye duka la jumla ana kona tatu za kukimbilia na mwanasheria. Aliyebaki amesimama na mzigo mkononi ni yule wa mwisho kwenye mnyororo, ambaye mtaji wake ni magunia matano ya mpunga.

Sheria haimwangalii kwa jicho moja na mchapaji, lakini haimwachii tu kwa kuwa hakujua. Kwenye sheria za namna hii, tangu ile ya Waingereza ya mwaka 1887 ambayo nchi nyingi za makoloni zilirithi mfano wake, muuzaji anayejitetea huulizwa mambo yaleyale: ulichukua tahadhari gani kabla ya kununua, na unaweza kumtaja aliyekuuzia? Kwa mwenye risiti yenye jina la duka, hayo ni maswali yanayojibika. Kwa aliyenunua kwa mtu aliyesimama na begi stendi, hayajibiki.

Kwa hiyo ushauri wa bure kwa wauza jezi wa Katavi ni wa kienyeji kabisa. Dai risiti. Uliza jina la wakala aliyeteuliwa na klabu, halipatikani kwa siri, klabu zenyewe hulitangaza. Na bei ya jumla ikiwa chini kuliko ya kitambaa na uzi, usijifanye hujaona. Asiyetaka presha kabisa anaweza kuuza fulana nyekundu tupu na kijani tupu, hazina nembo, hazina jina, na siku ya dabi zinakwenda tu.

MUUZA SKAFU WA HIGHBURY

Kuna hoja ambayo kila muuza jezi anayo mdomoni: "Mnunuzi anajua kabisa hii si ya klabu. Hadanganywi mtu. Anavaa kwa mapenzi." Ni hoja nzuri. Tena imewahi kufika mbali kuliko muuza jezi yeyote wa Tanzania anavyoweza kuota.

London, nje ya uwanja wa zamani wa Arsenal, Highbury, alikuwepo mfanyabiashara aitwaye Matthew Reed. Alianza kuuza skafu, kofia na fulana zenye jina la Arsenal mwaka 1970, klabu ikiwa bado haijaota kwamba skafu ni biashara. Mwaka 1989 Arsenal wakasajili alama zao: jina "Arsenal", jina "Gunners", nembo na mzinga. Reed akaendelea kuuza. Hakuwa mjanja mjanja. Kibandani kwake aliweka tangazo kubwa kwamba bidhaa zake si rasmi, na kwamba rasmi ni zile zenye lebo ya klabu tu.

Arsenal wakamshtaki. Mwaka 2001 Jaji Laddie wa Mahakama Kuu ya Uingereza alikubaliana na Reed kwa sehemu kubwa. Kwenye dai la kwamba alikuwa akijifananisha na klabu, Arsenal waliangushwa, maana hawakuleta ushahidi wa kutosha wa wateja waliodanganyika. Kwenye dai la alama ya biashara, jaji aliona kwamba jina kwenye skafu ni ishara ya mapenzi na utii kwa timu, si tangazo la nani ameitengeneza. Lakini akaona suala ni kubwa, akalipeleka kwenye Mahakama ya Haki ya Ulaya kule Luxembourg.

Novemba 2002 Luxembourg wakajibu kinyume chake: hata kama mnunuzi pale kibandani ameelewa kwamba si rasmi, skafu ile itatoka kibandani. Itavaliwa, itapewa mtu mwingine, itaonekana na ambao hawakusoma tangazo. Hao watadhani ni ya klabu. Shauri likarudi London, na hapo ikatokea vurugu ya kisheria ambayo wanasheria wanaisimulia hadi leo: Jaji Laddie akasema Mahakama ya Ulaya imevuka mpaka kwa kujiamulia ukweli wa kesi, akampa Reed ushindi tena. Arsenal wakakata rufaa. Mei 2003 Mahakama ya Rufani ikafunga mjadala kwa upande wa klabu.

Miaka 33 baada ya Reed kuweka kibanda, hoja ya "anavaa kwa mapenzi" ikafa Uingereza.

Uamuzi ule haumfungi jaji wa Tanzania. Ila sheria zetu za alama zimetoka kwenye ukoo huohuo, na mantiki yake inafanya kazi Mwamkulu kama Highbury: jezi ikishatoka kwenye turubai, haitembei na maelezo ya muuzaji.

Arsenal wenyewe hawakusubiri mahakama peke yake. Mwaka huohuo wa 2002 waliiacha nembo yao ya miaka mingi, wakaja na hii ya sasa yenye mzinga unaotazama kulia. Klabu ilieleza wazi kwamba ile ya zamani ilikuwa mkusanyiko wa vitu vingi vya kale kiasi kwamba haki yake ilikuwa ngumu kulindwa. Mashabiki walinuna, uzi ukauzwa.

NEMBO DHIDI YA NEMBO

Kwa mashabiki wa hapa, vita vya nembo vilivyouma zaidi havikuwa vya jezi feki. Vilikuwa vya matajiri wenyewe kwa wenyewe.

Novemba 2021 TFF ilisaini na GSM mkataba wa Sh2.1 bilioni wa miaka miwili ili awe mdhamini mwenza wa Ligi Kuu ya NBC, nembo yake ikae kwenye jezi za timu zote. Simba wakagoma kuivaa. Kwa mtu wa Msimbazi sababu haikuhitaji semina: GSM ni jina linalonuka Jangwani. Hoja rasmi zilikuwa za kimkataba, kwamba klabu haikushirikishwa, lakini chini yake kulikuwa na kitu ambacho wanasheria wa alama wanakielewa vizuri: nembo inabeba maana, na maana ya mwenzako hukubali kuibeba kifuani. Februari 2022 GSM wakajitoa. Timu ndogo ambazo zilikuwa zimeshapigia hesabu fungu lile ndizo zilizoumia.

Mwaka mmoja baadaye moto ukahamia kwa Yanga. Julai 2022 walikuwa wamesaini na SportPesa miaka mitatu, Sh12.3 bilioni. Ilipofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika mapema 2023, CAF walikuwa na mdhamini wao wa michezo ya kubashiri, hivyo kampuni pinzani ya aina hiyo isingeonekana kifuani. Yanga wakatangaza mkataba wa Sh1.5 bilioni na Haier, jina la majokofu na televisheni, kwa ajili ya michuano hiyo. SportPesa wakalalamika hadharani kwamba nafasi ile ya kifuani ilikuwa yao na haikupaswa kupewa mwingine bila wao. Wananchi wakaenda hadi fainali, wakanyimwa kombe na USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, na picha zote za safari ile ya kihistoria zina neno Haier. Hilo ndilo SportPesa walilokuwa wanaliona mapema.

Na hilohilo jina la SportPesa lilikuwa limeshagombewa kwao Kenya. Kampuni iliyolianzisha, Pevans East Africa, iliingia kwenye msukosuko na serikali mwaka 2019, udhamini wa Gor Mahia na AFC Leopards ukakatika. Oktoba 2020 jina likarudi sokoni kupitia kampuni nyingine, Milestone Games, na bodi ya kubashiri ya Kenya ikalizuia. Wanahisa wakavutana: nani mwenye jina? Likafika mahakamani Nairobi. Hili ndilo jina ambalo Julai 2017 liliwaleta Everton na Wayne Rooney Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia, Rooney akafunga, nchi ikasimama. Wachezaji hawakubadilika, klabu zilikuwa palepale, lakini ugomvi wa umiliki wa neno moja uliacha klabu kongwe za Nairobi zikihangaikia mishahara.

SUNDERLAND YA DAR ES SALAAM

Kabla Msimbazi hawajamnyooshea kidole mtu wa turubai, historia ina utani wake. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1936 ikiitwa Queens. Baadaye ikawa Eagles. Kisha ikachukua jina la klabu ya Uingereza kama lilivyo, ikaitwa Sunderland, bila shaka hakuna aliyeandika barua kuomba. Ni mwaka 1971, enzi za kuachana na majina ya kigeni, ndipo Sunderland ya Dar es Salaam ikawa Simba. Kwa hiyo jina linalolindwa leo kwa mikataba ya mabilioni limekaa mahali ambapo zamani palikuwa na jina la kuazima.

Simba mwingine, yule wa kwenye katuni, naye ana lake. Disney walipotoa filamu ya The Lion King mwaka 1994 waliomba Marekani usajili wa maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya nguo, wakapewa mwaka 2003. Waswahili waligutuka mwishoni mwa 2018, saini zikakusanywa mtandaoni, hasira zikapanda. Usajili ule haumzuii mtu wa Mpanda kutamka hakuna matata. Ila anayetaka kuyauza maneno hayo juu ya fulana kule Marekani, mwenye cheti si Mswahili.

Jina linaweza pia kuhama na kuwaacha watu midomo wazi. Mashabiki wa Singida wanajua. DTB ilipanda Ligi Kuu mwaka 2022 ikageuka Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 Fountain Gate ikaondoka na jina lake kwenda Manyara, na Ihefu, timu ya Mbarali, Mbeya, ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Mtu aliyenunua jezi ya Ihefu kule Ubaruku ana jezi halisi kabisa, orijino isiyo na kasoro, ya timu ambayo haipo kwao tena.

TIMU YA KIJIJI NAYO

Vijana wa kata kama Mwamkulu hucheza ligi za mbuzi na makombe ya diwani kwa majina ya Ulaya. Barcelona ya mtaa huu inakutana na Chelsea ya mtaa ule, mwamuzi amevaa kandambili. Hakuna klabu ya Ulaya itakayomshtaki mtoto anayecheza peku. Tatizo linaanza siku timu ikipanda daraja, ikapata mdhamini, ikataka kuuza jezi. Hapo ndipo inagundua kwamba miaka yote imekuwa ikilipandisha thamani jina la mtu mwingine.

Jina la mahali nalo si rahisi kulishika peke yake. Liverpool, pamoja na ukubwa wao wote, walijaribu mwaka 2019 kusajili neno "Liverpool" kwa bidhaa za soka, na ofisi ya Uingereza ikawakatalia kwa sababu ni jina la mji. Timu ya hapa itahitaji jina lenye kitu chake, na mchoro ambao haukupakuliwa kwenye simu. Azam walianza na jina la unga na aiskrimu, wakalipeleka uwanjani, mwaka 2014 likabeba ubingwa wa Ligi Kuu bila kufungwa. Jina lilikuwa lao tangu kwenye mfuko wa ngano.

Na lisajiliwe mapema, kwa jina la timu na si la mwenyekiti. Chelsea walisajili jina la José Mourinho mwaka 2005 akiwa kocha wao. Alipokwenda Manchester United mwaka 2016, jina la mtu mwenyewe lilibidi lizungumzwe na klabu aliyoachana nayo. Kama hilo lilimkuta yeye na mawakili wake wote, katibu wa timu ya kata anayeweka daftari la usajili chini ya godoro afikirie mara mbili.

Kwa sasa, kwenye majaruba ya Mwamkulu, bado wanaonekana watu wanaopalilia mpunga na jezi nyekundu zenye neno SportPesa, mkataba ambao kwa Simba uliisha mwaka 2022. Zimepauka, namba mgongoni imebanduka nusu, na hakuna awezaye kusema tena ipi ilitoka kwa wakala na ipi ilitoka kwenye turubai.